Kugeza vifaa vya setilaiti vinavyopima mionzi ya Dunia: mwongozo kamili kutoka maabara hadi obiti

Nje ya angahewa, kila mita ya mraba inayolikabili Jua moja kwa moja hupokea wati 1,361. Zitandaze wati hizo juu ya tufe zima, upande wa mchana na wa usiku, na utabaki na wastani wa 340. Kati ya hizo, karibu 100 hurudishwa angani na mawingu, theluji, mchanga na hewa yenyewe, na karibu 240 huondoka kama joto. Kinachosalia ni wati moja hivi, na wati hiyo ndiyo inayopasha bahari joto na kuyeyusha barafu.

Wati hiyo moja haiwezi kupimwa yenyewe. Tunapima namba kubwa mbili kisha tunatoa. Ukikosea asilimia moja tu katika mionzi inayorudishwa, umekosea wati nzima. Ukikosea nusu asilimia katika joto linaloondoka, umekosea wati 1.2. Kifaa kinaweza kuwa kizuri kwa kila kigezo cha uhandisi na bado kikashindwa kusema kama Dunia inapata joto au inalipoteza.

Ndiyo maana ugezi, au kalibresheni kama wengi wanavyoiita, ni nusu ya kipimo chenyewe. Kugeza kifaa ni kutafuta uhusiano kati ya namba kinazotoa na kiasi halisi cha nishati kinachoingia, kisha kuulinda uhusiano huo kwa miaka kumi, kumi na tano, ishirini, mahali ambapo hakuna fundi atakayefika na bisibisi.

Msimamo wangu nautaja mapema kwa sababu hatua zote zinautegemea: hakuna rejea moja inayotosha. Kila taa, kila gimba jeusi (kitu cheusi kinachotoa mionzi ya joto inayojulikana), kila kibao cha kutawanyia mwanga kina upofu wake. Kazi ya mgezi ni kujua rejea fulani haioni nini, kisha kuweka nyingine ya aina tofauti kabisa itakayoona pale pale.

Kwanza, kifaa chenyewe

Vifaa vya kazi hii vina historia ndefu. Oktoba 1959 setilaiti ya Explorer 7 ilipanda na vihisi vya mwanasayansi Verner Suomi, na hapo ndipo mtu alipoanza kupata vipimo vya mionzi ya Dunia kutoka angani. Setilaiti ya ERBS ilifuata mwaka 1984, ikiachiwa kutoka kwenye chombo cha angani Challenger. Tangu mwisho wa 1997 kazi kubwa imefanywa na vifaa vya CERES, vilivyorushwa kwenye setilaiti za TRMM, Terra, Aqua, Suomi NPP na NOAA-20. Upande wa obiti ya juu, inayokwenda sambamba na mzunguko wa Dunia, kuna GERB kwenye setilaiti za Meteosat.

Nitatumia CERES kama mfano kwa sababu mantiki yake iko wazi. Ina darubini tatu ndogo zinazotazama mahali pamoja. Nyuma ya kila darubini kuna bolomita, yaani kipande chembamba kilichopakwa rangi nyeusi ambacho hupata joto mionzi ikikiangukia, na badiliko hilo la joto husomwa kama badiliko la umeme. Chaneli ya kwanza huona mawimbi mafupi, yaani mwanga wa Jua unaorudishwa, kuanzia mikromita 0.3 hadi 5. Ya pili huona dirisha la angahewa, yaani mawimbi ya joto ambayo hewa huyapitisha kwa urahisi, mikromita 8 hadi 12. Ya tatu huona kila kitu, kuanzia 0.3 hadi kupita 100. Kwenye NOAA-20 dirisha lilibadilishwa na chaneli ya mawimbi marefu, yaani joto linaloondoka Duniani. Kifaa hufagia kutoka ukingo mmoja wa Dunia hadi mwingine na kurudi kwa sekunde 6.6, kikipima kila sehemu ya mia ya sekunde.

Kumbuka jambo moja hapa, maana litarudi: mchana hakuna chaneli katika CERES za awali inayopima mawimbi marefu peke yake. Hupatikana kwa kuchukua chaneli ya jumla na kutoa mawimbi mafupi. Usiku, chaneli ya jumla yenyewe ndiyo mawimbi marefu.

Hatua ya 1: Andika mlinganyo wako kabla ya kugusa chochote

Mlinganyo wa msingi ni mfupi:

M = (H − S) ÷ K

M ni mng'ao, yaani nishati inayoingia kwa kila mita ya mraba na kwa kila stiradiani (kipimo cha upana wa pembe ya kutazama). H ni hesabu ghafi kifaa kinapoitazama Dunia. S ni hesabu kikitazama anga tupu, yaani sifuri yako. K ni mwitikio: hesabu ngapi kwa kila wati moja ya mng'ao.

Sasa chini ya kila herufi andika kila kinachoweza kuisogeza. H husogezwa na mtetemo wa elektroniki na uzito wa bolomita kuitikia. S husogezwa na joto la kifaa na hata pembe ambayo darubini imeelekea. K husogezwa na uchakavu wa vioo, vichujio na rangi nyeusi. Orodha hii ndiyo ramani yako. Mtu anayeanza kugeza bila kuiandika huishia kusahihisha kosa la S kwa kubadilisha K, na kosa la namna hiyo ni gumu kuligundua kwa sababu wastani wa matokeo huonekana mzuri.

Hatua ya 2: Gawa shaka kabla hujagawa fedha

Malengo ya CERES yalikuwa asilimia 1 kwa mawimbi mafupi na 0.5 kwa mawimbi marefu. Chukua lengo lako na uligawe kwa vyanzo. Tuseme upande wa mawimbi marefu umekadiria hivi: joto la gimba jeusi asilimia 0.13, uwezo wake wa kutoa mionzi 0.1, sifuri 0.1, mwitikio wa kispektra (yaani kwa kila rangi) 0.3, elektroniki 0.05. Kama vyanzo hivyo havitegemeani, kila kimoja kipigie mraba, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili. Utapata 0.36.

Jaribu sasa kuondoa kabisa shaka ya joto la gimba jeusi, kana kwamba umenunua kipimajoto kisichokosea. Jumla inashuka hadi 0.34 tu. Iondoe badala yake shaka ya kispektra, na jumla inashuka hadi 0.20. Hesabu hii ya dakika tano huonyesha miezi ya kazi ipelekwe wapi. Ninaisisitiza kwa sababu watu hupenda kuboresha kile wanachokijua vizuri tayari.

Hatua ya 3: Gimba jeusi ndani ya ombwe

Upande wa joto, rejea yako ni gimba jeusi: shimo au bamba lenye mifereji mikali, lililopakwa rangi nyeusi kiasi kwamba karibu kila mwale unaoingia humezwa. Gimba la namna hiyo hutoa mionzi kwa kanuni ya Stefan na Boltzmann, nishati ikilingana na joto likipigwa kipeo cha nne. Joto husomwa na vipimajoto vya platinamu vilivyogezwa kwa skeli ya kimataifa ya joto ya mwaka 1990. Hapo ndipo mnyororo wa rejea unapofungwa: setilaiti, gimba, kipimajoto, skeli.

Kipeo cha nne hakisamehe. Katika kelvini 300 gimba hutoa wati 459 kwa mita ya mraba. Ukikosea joto kwa sehemu ya kumi ya kelvini, umekosea wati 0.6. Kwa hiyo usiweke kipimajoto kimoja. Weka kadhaa, katikati na pembeni, na uangalie kama bamba lina mteremko wa joto kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Utaratibu ni huu. Weka kifaa na gimba ndani ya chemba, vuta hewa yote, subiri joto la kifaa litulie. Kusubiri huku ni kwa saa nyingi, na haraka yoyote hapa utailipia baadaye. Kisha pima kwa mtindo wa baridi, moto, baridi: tazama bamba la baridi linaloigiza anga, tazama gimba jeusi, rudi kwenye bamba la baridi. Wastani wa baridi mbili ndio sifuri yako, na kuyumba kokote kwa polepole kutakuwa kumefutika. Panda kwa ngazi, mathalani kutoka kelvini 220 hadi zaidi ya 300, kisha shuka kwa ngazi zile zile, uone kama kifaa kinakumbuka kilikotoka. Mwisho badilisha joto la kifaa chenyewe na urudie yote.

Kuna mtego mmoja ambao lazima uukokotoe kwa mkono angalau mara moja. Bamba la baridi kwa kawaida hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77. Si anga. Hutoa mng'ao wa wati 0.63 kwa mita ya mraba kwa stiradiani, wakati anga halisi ya kelvini 2.7 ni sifuri kwa matumizi yetu. Kwa mfano huu chukua chaneli inayoona mawimbi yote, na tuseme umepata tofauti za hesabu hizi kati ya gimba na bamba: 333 kwa kelvini 220, 655 kwa kelvini 260, na 1,165 kwa kelvini 300. Mng'ao wa gimba katika ngazi hizo ni 42.28, 82.48 na 146.20.

Ukisahau bamba na kugawa moja kwa moja, mwitikio utakuwa 7.88, kisha 7.94, kisha 7.97. Utaapa kwamba kifaa hakina mwitikio ulionyooka, na utaandika msahihisho wa kuunyoosha. Ukitoa 0.63 kwanza, mwitikio ni 8.00 katika ngazi zote tatu. Kifaa kilikuwa kizima tangu mwanzo, na msahihisho wako ungekiharibu kikiwa obitini.

Hatua ya 4: Mawimbi mafupi, na rejea ya baridi kali

Mwanga wa Jua hauna gimba jeusi la kuuigiza maabara, maana tungehitaji kitu cha joto la kelvini 5,772. Tunatumia tufe tupu lililopakwa rangi nyeupe kwa ndani, lenye taa zinazochanganya mwanga wake mpaka mdomo wa tufe ung'ae sawasawa. Lakini taa hazijui ukubwa wa mwanga wake. Anayejua ni radiomita ya tundu, yaani kipima mionzi chenye tundu jeusi, iliyopozwa karibu na kelvini chache juu ya sifuri halisi.

Wazo lake ni zuri mno kwa urahisi wake. Mwanga ukiingia kwenye tundu jeusi hulipasha joto. Funga mwanga, lipashe kwa umeme mpaka lifikie joto lile lile, kisha soma wati za umeme. Nishati ya mwanga imegeuzwa kuwa volti na omu, vitu ambavyo maabara za ugezi duniani huvijua kwa usahihi mkubwa. Baridi kali inasaidia kwa sababu tundu huhitaji nishati kidogo mno kupata joto, na kuta zinazolizunguka hazitoi mionzi ya kulisumbua. CERES zilipitia njia hii: radiomita ya baridi ilikipima chanzo cha mwanga, chanzo kikakigeza kifaa.

Na bado usiamini muundo mmoja. Kwa miaka mingi vifaa vilivyopima Jua vilisema wati 1,366 hivi. Setilaiti ya SORCE iliporushwa Januari 2003, kifaa chake TIM kilisema karibu 1,361. Wengi walidhani mgeni ndiye amekosea. Majaribio ya maabara yalionyesha kinyume: vifaa vya zamani viliweka mlango mpana mbele na tundu la vipimo, lile linaloamua kiasi cha mwanga kinachopimwa, ndani, kwa hiyo mwanga mwingi kuliko unaotakiwa uliingia, ukatawanyika na kujiongeza kwenye kipimo. TIM ilikuwa imeweka tundu la vipimo mbele kabisa. Watafiti Greg Kopp na Judith Lean walichapisha thamani ya 1,360.8 mwaka 2011. Wati tano za Jua, zikigawanywa kwa tufe zima, ni zaidi ya wati moja kwa kila mita ya mraba, yaani sawa na kile kitu chote tunachokitafuta.

Hatua ya 5: Kila rangi ina mwitikio wake

Hapa ndipo penye shaka kubwa, na hapa ningepeleka muda wangu wote wa ziada.

Kioo cha fedha au cha aluminiamu hakirudishi rangi zote sawa. Kichujio hakipitishi rangi zote sawa. Kwa hiyo K si namba moja. Ni mstari unaopanda na kushuka kwa kila urefu wa wimbi. Upime kwa kutumia vichujio vyembamba mbele ya chanzo, na kwa mawimbi marefu tumia spektromita. Pima pia vipande vya sampuli vilivyotengenezwa pamoja na vioo vyako, tanuru moja, siku moja, kisha vihifadhi. Miaka kumi baadaye, ukianza kushuku jambo, kipande hicho ndicho ndugu pekee wa kioo chako aliyebaki ardhini.

Umuhimu wake ni huu. Bahari isiyo na mawingu huonekana ya buluu kutoka angani, jangwa huelekea wekundu, wingu ni jeupe. Kifaa kikiwa dhaifu kwenye buluu, kitakosea zaidi juu ya bahari kuliko juu ya wingu. Hivyo kila kipimo lazima kirekebishwe kulingana na aina ya mandhari: hesabu ya kinadharia ya mwanga unaotarajiwa kutoka bahari, wingu, theluji au jangwa, ikipitishwa kwenye mwitikio wako, hukupa uwiano kati ya kilichochujwa na kilichotoka Duniani. Na taa za maabara ni hafifu sana chini ya mikromita 0.4, kwa hiyo sehemu ile ile inayohitaji umakini ndiyo inayopimwa vibaya zaidi. Tafuta chanzo cha ziada cha buluu na urujuanimno mapema, wakati kifaa bado kiko mezani.

Hatua ya 6: Baada ya kurushwa, usifungue macho haraka

Gundi, nyaya na rangi hutoa gesi zikifika kwenye ombwe. Vifuniko vya darubini vibaki vimefungwa kwa wiki kadhaa. Wakati huo fanya ugezi wa ndani, ulinganishe na ule wa mwisho wa maabara. Tofauti itakayoonekana ni mshtuko wa safari, na ni vizuri kuijua kabla Dunia haijaingia kwenye darubini.

Hatua ya 7: Sifuri

Kila mfagio, kifaa kinapopita ukingo wa Dunia na kutazama anga, chukua sifuri mpya. Ondoa zile ambazo Mwezi umeingia ndani yake. Hilo ni rahisi.

Lisilo rahisi ni kwamba sifuri ya pembeni huenda si sifuri ya katikati. Kichwa kikigeuka, sehemu za ndani huona joto tofauti kidogo na nyaya hujikunja, hivyo hesabu husogea bila mwanga wowote kubadilika. Dawa yake ni kuigeuza setilaiti nzima ili kifaa kifagie anga tupu katika pembe zote ambazo kwa kawaida hukaliwa na Dunia. Terra ilifanya hivyo mwaka 2003. Waendeshaji wa setilaiti huogopa zoezi hili, na wana sababu, lakini liombe tangu siku ya kwanza ya mradi liwemo kwenye ratiba.

Hatua ya 8: Gimba na taa za ndani, na siku taa iliposema yote salama

Kila wiki moja au mbili, kigeuze kichwa kitazame rejea za ndani: magimba jeusi mawili kwa chaneli za joto, taa ya tangsteni kwa mawimbi mafupi. Chora mwitikio dhidi ya muda. Usisahihishe kila mruko. Kama mtawanyiko wa wiki moja ni asilimia 0.1, badiliko la 0.1 halijasema kitu. Subiri miezi, kisha pitisha mstari laini.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa CERES kwenye Terra, maana kisa hiki kinafundisha kuliko mlinganyo wowote. Vifaa viwili vilikuwa pamoja, FM1 na FM2. Kifaa cha CERES kinaweza kufagia kwa kukata njia ya setilaiti, au kufagia huku kikizunguka, na kikizunguka kuna wakati hutazama upande setilaiti inakokwenda. Baada ya muda, vifaa viwili vilianza kutofautiana kwenye mawimbi mafupi, na kile kilichokuwa kikizunguka kilififia zaidi. Taa za ndani hazikuonyesha kufifia huko.

Sababu ni rangi ya taa. Tangsteni yenye joto la kelvini 2,000 hivi hutoa nishati yake nyingi karibu na mikromita 1.45, kwenye infraredi. Jua hutoa yake nyingi karibu na 0.5. Kioo au kichujio kilikuwa kikipoteza uwezo wake kwenye buluu na urujuanimno, na taa karibu haina buluu ya kuonyesha. Maelezo yanayokubalika zaidi ni utando mwembamba wa uchafu uliokazwa na mionzi ya urujuanimno, ukiwa mbaya zaidi kwa darubini inayokabili upepo wa atomi za oksijeni mbele ya setilaiti. Baadaye kanuni za uendeshaji zilibadilishwa ili darubini zisitazame mbele.

Kwa kifaa chako, fanya mambo mawili. Weka chanzo cha ndani chenye buluu halisi, hata kama ni kidogo. Na kila mwaka chora mwelekeo wa mawimbi mafupi kwa bahari wazi, kwa mawingu na kwa jangwa, kila moja peke yake. Kama bahari inashuka kuliko mawingu mwaka hadi mwaka, usikimbilie kuandika makala kuhusu bahari.

Hatua ya 9: Jua na Mwezi

Kibao cha kutawanyia mwanga wa Jua kinakupa buluu unayoikosa kwenye taa. Mng'ao wake ni mwanga wa Jua, mara uwezo wa kibao kurudisha, mara kosaini ya pembe, ukigawa kwa pai na kwa mraba wa umbali wa Jua. Usisahau umbali: mapema Januari Jua lina nguvu karibu asilimia 7 kuliko mapema Julai. Udhaifu wa kibao ni kwamba nacho huungua. Vibao vya CERES za kwanza vilibadilika vyenyewe obitini, vikawa haviaminiki kama rejea. Kitazame mara chache, na kifunike muda mwingine wote.

Mwezi hauungui. Uso wake haubadiliki kwa kiasi tunachoweza kukiona, na mtu yeyote miaka hamsini ijayo ataukuta vile vile. Mng'ao wake hubadilika kwa awamu, umbali na jinsi unavyojigeuza kidogo, kwa hiyo utazame kila mwezi katika awamu ile ile. Kwa darubini yenye unyayo mpana, yaani inayoona eneo kubwa kwa mara moja, Mwezi hujaza sehemu ndogo tu ya uwanja wa kuona, hivyo pita juu yake mara nyingi na kujumlisha. Mwezi nautumia kwa uthabiti wa miaka mingi. Kwa ukubwa halisi wa nishati bado nategemea radiomita ya baridi.

Hatua ya 10: Ifanye Dunia yenyewe ikague kazi yako

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji kifaa chochote cha ziada.

Rudi kwenye lile nililokuomba ukumbuke: mchana, mawimbi marefu ni jumla ukitoa mafupi. Tuseme sehemu ya mawimbi mafupi ya chaneli ya jumla imesogea kwa asilimia 0.5. Mahali ambapo mng'ao wa mafupi ni 80 na wa marefu ni 80, kosa ni 0.4, yaani nusu asilimia ya mawimbi marefu. Usiku hakuna kosa lolote. Kwa hiyo chora tofauti ya mawimbi marefu kati ya mchana na usiku juu ya bahari za tropiki, mwezi hadi mwezi. Tofauti hiyo haina sababu ya kupanda bila kukoma. Ikipanda, chaneli mbili hazielewani.

Kisha likuze kosa. Juu ya wingu refu la dhoruba mng'ao wa mafupi unaweza kuwa 250 na wa marefu 40 tu. Kosa lile lile la 0.5 sasa ni 1.25 kati ya 40, asilimia 3. Tumia chaneli ya dirisha: usiku, jifunze uhusiano kati ya dirisha na mawimbi marefu juu ya mawingu hayo, mchana, tabiri mawimbi marefu kutokana na dirisha na ulinganishe na hesabu ya kutoa. Chaneli tatu zikikubaliana juu ya wingu la dhoruba na pia juu ya bahari ya usiku, una haki ya kulala. Zisipokubaliana, jaribio linakuambia kuna kosa, ila halisemi ni chaneli ipi. Hapo ndipo gimba jeusi la ndani, ambalo huigeza sehemu ya joto ya chaneli ya jumla, linapotenganisha washukiwa.

Hatua ya 11: Linganisha na jirani, angalia obiti

Zilipokuwa kwenye obiti zao za awali, Terra na Aqua zilikutana karibu na latitudo 70 kaskazini. Mahali kama hapo chagua nyayo zilizopimwa kwa dakika chache za tofauti na kwa pembe ile ile ya kutazama. Pembe ni muhimu kuliko idadi: jozi elfu za pembe tofauti hupotosha kuliko jozi mia zinazolingana. Kifaa kipya kipishane na cha zamani kwa mwaka mzima angalau, misimu yote ipite. Mnyororo ukikatika, kosa la asilimia moja la kila kifaa litaingia kama ngazi kwenye rekodi, na ngazi hiyo itaonekana kama tabianchi.

Obiti nayo hudanganya. ERBS ilishuka taratibu kutoka kilomita 611 hadi 585 kwa miaka 15. Kifaa chake kisichofagia kilitazama Dunia nzima kwa mkupuo, na ukikaribia Dunia unapokea zaidi. Fanya hesabu, ukijumlisha vimo hivyo na nusu kipenyo cha Dunia: 6,982 kwa 6,956, piga mraba, ni asilimia 0.75, karibu wati 1.8 kati ya 240. Msahihisho uliochapishwa mwaka 2006 ulibadilisha waziwazi mwelekeo wa rekodi hiyo. Kimo na saa ya kupita viingie kwenye hesabu zako kila siku, si mara moja wakati wa kurushwa.

Hatua ya 12: Toleo jipya, na hesabu ghafi

Hata baada ya yote haya, CERES ikijumlishwa bila marekebisho huipa Dunia ziada ya zaidi ya wati 4. Uthabiti wake ni bora sana, ila ukubwa wenyewe una shaka. Ndiyo maana toleo liitwalo EBAF hurekebishwa mara moja, ndani ya mipaka ya shaka ya kifaa, ili wastani wa Julai 2005 hadi Juni 2015 ulingane na joto lililopimwa hasa na maboya ya Argo baharini: wati 0.71. Badiliko la mwaka hadi mwaka baada ya hapo ni la setilaiti yenyewe. Ukitumia data hizi, usitangaze 0.71 kama uthibitisho huru wa maboya.

Kila unapogundua jambo, usisahihishe kuanzia leo kwenda mbele. Rudi mwanzo, chakata rekodi nzima upya, na uipe namba mpya ya toleo. Ili hilo liwezekane, hifadhi hesabu ghafi, joto la kila kipimajoto, pembe, kimo, tarehe ya kila ugezi, na kila jozi ya K na S uliyowahi kutumia pamoja na sababu ya kuiacha. ERBS iliungua ikirudi kwenye angahewa Januari 2023, miaka 38 baada ya kurushwa. Kimo chake, kilichoandikwa siku baada ya siku, ndicho kilichowezesha watu kuirekebisha rekodi yake.